ELIMU KWA WANANCHI: Vipokezi vya Homoni na Upevukaji wa Mayai ya Gayogayo Jike



Huenda wapo watakaouliza kwa nini ukurasa huu, ambao kwa kawaida hubeba matangazo ya kazi, ratiba za vikao na maelekezo ya idara, leo utoe nafasi kwa habari za mayai ya samaki. Jawabu lake ni fupi. Sisi ni watu wa visiwa, na mambo mengi yanayopita juu ya meza za Serikali yanaihusu bahari: msimu wa kuvua na msimu wa kupumzisha maji, maombi ya kufuga samaki, mahali pa kupitisha mabomba ya maji machafu. Mambo hayo yote huishia katika swali moja: je, samaki jike atafika siku yake ya kutaga, na mayai yake yatakuwa mazima? Anayeamua bila ya kujua jinsi yai linavyopevuka huamua gizani.

Somo hili linamchukua gayogayo kuwa mfano. Tumemchagua kwa sababu jamaa zake wa bahari za Ulaya wamefugwa na kuchunguzwa kwa miaka mingi, na yaliyogunduliwa kwao yanatufunza mengi kuhusu samaki kwa jumla. Tutakwenda hatua kwa hatua, na mwishoni tumeweka muhtasari pamoja na maswali ya kujipima.

1. Gayogayo ni samaki gani?

Wavuvi wetu wanamfahamu vyema. Ni samaki bapa anayelala ubavu juu ya mchanga, rangi yake ikifanana na mchanga wenyewe, na macho yake yote mawili yakiwa upande mmoja. Hakuzaliwa hivyo. Kifaranga cha gayogayo huogelea wima kama samaki wengine, jicho moja huku na jingine kule. Baada ya muda, homoni ya tezi ya shingo huamrisha mabadiliko: jicho moja huhama na kuvuka kichwa, mwili hulala ubavu, na samaki huteremka chini kuanza maisha mapya. Basi tangu utotoni mwake, gayogayo ni kiumbe anayetupa dalili ya wazi ya nguvu za homoni.

Jamii hii ni kubwa na imeenea katika bahari nyingi za dunia. Katika Atlantiki ya Kaskazini yupo halibati (Hippoglossus hippoglossus), ambaye jike lake huweza kuzidi urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 300. Katika pwani za Hispania, Ureno na Afrika ya Magharibi yupo gayogayo wa Senegali (Solea senegalensis). Katika midomo ya mito ya Ulaya yupo gayogayo mdogo aitwaye Platichthys flesus. Hawa watatu ndio watakaotusaidia katika somo letu.

Ovari za gayogayo jike, yaani mifuko yake ya mayai, haziishii tumboni. Hurefuka kuelekea mkiani, kila moja ikifuata upande wake wa mifupa ya mwili. Kwa hiyo jike mwenye mayai huvimba katika sehemu ambayo kwa samaki wengine ni nyama tupu, na fundi mzoefu huweza kumtambua kwa kumpapasa kwa vidole.

2. Homoni ni barua, kipokezi ni ofisi inayoipokea

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi moja ya mwili, ikasafirishwa kwa damu, ikaenda kutoa maagizo katika sehemu nyingine. Damu hupita kila mahali: katika misuli, matamvua, ini na ovari. Hivyo homoni hufika kila mahali pia. Kwa nini basi agizo la kukuza mayai lisitekelezwe na misuli ya mkia?

Watumishi wa masjala watalielewa jambo hili kwa wepesi. Tuchukulie kuwa tarishi amebeba barua moja na anapita nayo mbele ya milango yote ya jengo. Barua hiyo haiwezi kufunguliwa na kila mtu. Itafunguliwa katika ofisi ambayo anuani yake imeandikwa juu ya bahasha. Ofisi hiyo ndiyo tunayoiita kipokezi. Kipokezi ni protini iliyokaa juu ya ngozi ya seli, au ndani yake, yenye umbo linaloshikana na homoni maalumu. Homoni ikishika, kipokezi hugeuka umbo na kuanzisha kazi ndani ya seli. Seli isiyo na kipokezi haisikii kitu, hata kama homoni imejaa tele nje yake.

Kutokana na maelezo hayo inafaa ieleweke kwamba kupima homoni katika damu peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kukuta barua nyingi njiani na akadhani kazi inakwenda, kumbe ofisi ya kuzipokea bado haijafunguliwa. Ndiyo maana wataalamu wa samaki wamefanya bidii ya kuvitafuta vipokezi vyenyewe. Mwaka 2008 watafiti nchini Norway walitoa maelezo ya vipokezi viwili vya ovari ya halibati, na mwaka 2010 watafiti nchini Hispania walifanya hivyo kwa gayogayo wa Senegali.

3. Safari ya agizo: kutoka ubongoni hadi kwenye ovari

Agizo la kwanza hutoka ubongoni. Ubongo wa samaki husoma urefu wa mchana na joto la maji, nao hutambua kuwa majira yamekaribia. Hapo hutoa homoni ndogo iitwayo kwa kifupi GnRH. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari hutoa homoni mbili kubwa, FSH na LH. Majina haya si mageni kwa wauguzi na madaktari wetu, kwani binadamu naye anazo homoni za aina hiyo hiyo, na vipokezi vyake ni vya ukoo mmoja na vya samaki.

FSH na LH zinafanana sana kwa umbo, lakini kazi zao zimegawanywa kwa wakati. FSH ndiyo msimamizi wa kipindi kirefu cha kukuza yai. LH ndiyo yenye kutoa idhini ya mwisho.

Kila yai changa ndani ya ovari limezungukwa na seli za kifuko. Seli hizo ndizo zenye vipokezi vya FSH na LH. Wakati yai linakua, vipokezi vya FSH ndivyo vyenye kazi kubwa. Yai likikaribia kukamilika, vipokezi vya LH huongezeka. Kwa maneno mengine, ofisi ya kupokea idhini ya mwisho hufunguliwa pale tu kazi ya mwanzo inapokuwa imekamilika. Utaratibu huu ni wa busara, kwa maana idhini ikipokewa kabla ya wakati, yai litapevuka likiwa halina akiba ya chakula.

4. Hatua ya kwanza: kujaza akiba

FSH ikishika kipokezi chake, seli za kifuko hutengeneza estradioli, ambayo ni homoni ya kike. Estradioli haikai pale ilipotengenezwa. Huingia katika damu na kwenda hadi kwenye ini. Seli za ini zina vipokezi vya estradioli, navyo vikishikwa, ini huanza kutengeneza protini kubwa iitwayo vitelojenini. Protini hii ni malighafi ya kiini cha njano cha yai. Hutoka kwenye ini, hurudi kwa damu hadi kwenye ovari, na huko juu ya ngozi ya yai hukuta vipokezi vingine ambavyo huinasa na kuivuta ndani.

Tuone basi jinsi kazi moja ilivyopita mikononi mwa vipokezi vya aina tatu: kipokezi cha FSH katika kifuko, kipokezi cha estradioli katika ini, na kipokezi cha vitelojenini katika yai lenyewe. Kimoja kikikosekana, kazi yote husimama. Jike asiyelishwa vyema naye hukwama hapa, kwani ini haliwezi kutengeneza protini na mafuta ya akiba kutokana na tumbo tupu. Kifaranga atakayetoka katika yai hilo ataishi siku zake za mwanzo kwa akiba hiyo tu, hadi kinywa chake kifunguke na aanze kujitafutia.

5. Hatua ya pili: idhini ya mwisho

Yai lililojaa akiba bado si yai la kutagwa. Nukliasi yake, ambayo ndiyo hazina ya urithi, imesimama katikati ya mgawanyiko wake na inangoja agizo. Yai la namna hii likikutana na shahawa halitungiki.

Pituitari inapoachilia LH kwa wingi, LH hushika vipokezi vyake katika seli za kifuko, na seli hizo hubadilisha kazi. Huacha kutengeneza estradioli na kuanza kutengeneza homoni nyingine ya jamii ya projestini. Mwaka 1985, wataalamu wa Japani Yoshitaka Nagahama na Shinji Adachi waliitambua homoni hiyo katika samaki wa jamii ya samoni, na ikawa ni mara ya kwanza kwa homoni ya kupevusha yai kutambuliwa kwa hakika katika samaki. Katika baadhi ya samaki wa baharini kazi hiyo hufanywa na ndugu yake wa karibu, mwenye umbo linalotofautiana kidogo tu.

Lilibaki swali: homoni hii inazungumza na yai kupitia mlango upi? Homoni nyingi za jamii hiyo zilijulikana kuwa huingia ndani ya seli na kukuta vipokezi vyao humo. Lakini ilionekana kuwa homoni ya kupevusha, ikidungwa ndani ya yai, haifanyi kazi, ilhali ikiwekwa nje ya ngozi yake hufanya kazi barabara. Hii ilikuwa dalili kuwa kipokezi kiko juu ya ngozi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani, wakiongozwa na Peter Thomas, walitangaza kuwa wamekipata kipokezi cha projestini cha juu ya ngozi ya yai katika samaki wa baharini wa huko. Baadaye vipokezi vya jamii hiyo vilipatikana kwa wanyama wengine wengi, na kwa binadamu pia.

Kipokezi hicho kikishikwa, breki iliyokuwa ikilizuia yai huachiliwa. Ndani ya yai, protini mbili hushirikiana na kuamsha mgawanyiko uliosimama. Nukliasi husogea pembeni na ukuta wake huyeyuka. Hapo ndipo tunaposema yai limepevuka. Baadaye kifuko hupasuka, yai huchopoka na kuwa huru ndani ya ovari, tayari kutagwa.

6. Maji yanayolifanya yai kuelea

Ukimtazama jike aliyekaribia kutaga utaona jambo la ajabu. Mayai yaliyokuwa madogo na meupe kama maziwa hugeuka kuwa makubwa na maangavu kama kioo. Sababu yake ni maji. Yai linapopevuka, sehemu ya protini za akiba hukatwakatwa kuwa vipande vidogo, navyo pamoja na chumvichumvi huvuta maji kutoka katika mwili wa mama. Yai la samaki wa baharini lenye kuelea huweza kuwa na maji takriban asilimia 90.

Maji hayapiti ovyo. Mwaka 2005, watafiti wa Hispania na wenzao walionyesha kuwa katika samaki wa baharini maji huingia kwenye yai kupitia vinjia maalumu vya protini viitwavyo akwaporini. Kwa kuwa maji hayo yana chumvi chache kuliko bahari, yai huwa jepesi na huelea. Hivyo gayogayo, ambaye huishi akiwa amelala juu ya mchanga, huyapeleka mayai yake juu kwa mkondo, mbali na matope na walaji wa chini.

Yai la halibati lina kipenyo cha takriban milimita 3, na ni miongoni mwa mayai makubwa ya samaki yenye kuelea. La gayogayo wa Senegali ni takriban milimita 1. Lililo dogo na lililo kubwa hutegemea maji hayo. Yai lililoshindwa kunywa maji huzama na kupotea.

7. Yanayotokea katika mabwawa ya kufugia

Hapa ndipo elimu hii inapogusa mfuko wa mfugaji. Gayogayo wengi hawatagi mayai yote kwa siku moja. Hupevusha fungu moja, wakalitoa, kisha fungu jingine. Ndani ya ovari moja yapo mayai ya umri mbalimbali, na uchunguzi wa halibati uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa vifuko vya hatua mbalimbali havikuwa na kiwango sawa cha vipokezi. Damu ni moja na homoni ni ile ile, lakini wenye kuisikia ni wale waliokwisha kuwa tayari.

Halibati jike katika ufugaji hutoa fungu jipya kila baada ya siku 3 au 4 hivi, kwa wiki kadhaa. Kwa kawaida hatagi vizuri peke yake katika tangi, na mafundi hulazimika kumkamua kwa mkono. Akikamuliwa mapema, mayai hayajachopoka, naye huumizwa bure. Akicheleweshwa, mayai yaliyokwisha kuchopoka hukaa tumboni na kuchakaa katika muda wa saa chache, na hata yakichanganywa na shahawa nzuri hayatungiki. Kwa sababu hiyo kila jike huwekewa kumbukumbu yake, siku na saa, kama vile jalada la mtumishi. Uzembe wa usiku mmoja huweza kupoteza maelfu ya mayai.

Tatizo la pili ni la jike anayekataa kufika mwisho. Samaki wengi wakiwa katika kifungo hujaza akiba vizuri, lakini pituitari yao haiachilii LH, kwa sababu ubongo hauoni dalili za bahari. Dawa iliyopatikana ni kumpa jike homoni ya GnRH ya kutengenezwa, kwa sindano au kwa kidonge kinachopachikwa chini ya ngozi na kuyeyuka polepole. Wazo hili lina asili ya mbali. Katika mwaka 1930 Bernardo Houssay wa Argentina alieleza majaribio ya kuwadunga samaki pituitari za samaki wengine, na baada ya miaka michache wafugaji wa Brazili wakaifanya kuwa njia ya kawaida ya kuzalisha samaki. Kwetu Tanzania njia hiyo inajulikana kwa wafugaji wa kambare, ambao hutumia pituitari ya kambare mmoja kumtagisha mwingine.

Lakini tusisahau somo la vipokezi. Sindano haimpevushi jike ambaye mayai yake hayajajaa. Kama vipokezi vya LH havijawa tayari, dawa itapotea na fedha itapotea. Kwanza lipimwe yai, kisha itumike sindano.

Tatizo la tatu limewashughulisha wafugaji wa gayogayo wa Senegali. Majike na madume waliovuliwa baharini hutaga na kurutubisha mayai ndani ya matangi. Wale waliozaliwa humo humo matangini, majike hutaga lakini mayai mengi hubaki bila ya kurutubishwa. Kwa muda watu waliweza kudhani kuwa mayai ndiyo mabovu. Uchunguzi ulionyesha kuwa kasoro kubwa iko kwa madume: hawawachumbii majike wakati wa kutaga. Hili ni onyo kwa kila mwenye mamlaka ya kutoa lawama. Kabla ya kumhukumu jike, achunguzwe na dume.

8. Barua za kughushi

Kipokezi hutambua umbo, hakitambui nia. Kemikali yoyote yenye umbo la kukaribiana na estradioli huweza kukishika na kutoa agizo la uongo. Ni sawa na barua yenye mhuri wa kughushi: karani asiyejua huitekeleza.

Jambo hili lilidhihirika nchini Uingereza katika miaka ya 1990. Watafiti waliwapima gayogayo wa midomo ya mito kadhaa, ikiwemo Tyne, Tees na Mersey, na wakakuta madume wenye vitelojenini katika damu yao. Dume hana yai la kulijazia akiba, lakini ini lake lina vipokezi vya estradioli kama la jike. Barua ilipofika, ini lilitii. Katika mto Mersey walipatikana hata madume wachache wenye mayai ndani ya korodani zao.

Barua hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika maji machafu ya miji na viwanda. Yamo mabaki ya homoni za asili zinazotoka kwa watu, mabaki ya homoni za dawa, na kemikali zinazotokana na baadhi ya sabuni za viwandani. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuzuia matumizi mengi ya kemikali mojawapo ya aina hiyo, nonilifenoli. Tangu hapo vitelojenini katika damu ya samaki dume imekuwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi kuyachunguza maji.

9. Yanayotuhusu sisi

Pengine hatutafuga halibati, kwani yeye ni samaki wa maji baridi. Hata hivyo mambo manne yanatuhusu moja kwa moja.

Kwanza, msimu wa kupumzisha samaki. Jike mwenye mayai amefanya kazi ya miezi mingi, na halibati amengoja miaka mingi hata kabla ya kukomaa. Akivuliwa wiki moja kabla ya kutaga, kazi yote hiyo huishia kwenye kikaango. Norway imeweka marufuku ya kumvua halibati kwa nyavu katika majira yake ya kutaga, kuanzia mwisho wa Disemba hadi mwisho wa Machi. Wananchi wanapoombwa kupumzisha eneo la bahari, waelewe kuwa hesabu yake ni hii.

Pili, ufugaji. Kwa miaka mingi wafugaji wengi wa mwatiko wa pwani yetu wamekuwa wakitegemea vifaranga waliokusanywa baharini. Kuzalisha vifaranga kwa mikono yetu wenyewe kunahitaji kujua saa ya homoni na hali ya vipokezi. Mpango wowote wa ufugaji unaopeleka fedha zote kwenye matangi na kuusahau mshahara wa fundi wa kulipima yai ni mpango uliosimama kwa mguu mmoja.

Tatu, maji machafu. Ghuba ndogo, bandari na mikoko ndimo wanamokulia vifaranga wengi. Bomba linaloelekezwa huko linapeleka barua tusizozijua maandishi yake. Mkaguzi wa afya anaposisitiza shimo lijengwe mbali na ufuo, na muuza dawa anapokumbushwa asitupe dawa zilizokwisha muda kwenye mtaro, wote wawili wanailinda ovari ya samaki, ingawa hawaioni.

Nne, tahadhari. Homoni za kutagisha samaki ni dawa. Zisinunuliwe ovyo wala kutumiwa bila ya mtaalamu, na samaki aliyedungwa asiuzwe kwa kitoweo bila ya ushauri wake.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa baharini hauonekani kwa macho; huanza katika kipokezi kidogo kilichopokea agizo la uongo, au katika yai lililokosa siku 3 za kungojewa.

Muhtasari

(a) Homoni husafiri kwa damu kwenda kila mahali, lakini hutekelezwa na seli zenye vipokezi vyake tu.

(b) FSH husimamia kukua kwa yai; estradioli huliamrisha ini kutengeneza vitelojenini; yai huivuta kwa vipokezi vyake.

(c) LH hutoa idhini ya mwisho. Projestini hushika kipokezi cha juu ya ngozi ya yai, na yai hupevuka.

(d) Maji huingia kupitia akwaporini na kulifanya yai lielee.

(e) Wakati ni jambo la msingi: vipokezi visipokuwa tayari dawa haisaidii, na yai likicheleweshwa huharibika.

(f) Kemikali za maji machafu huweza kuvidanganya vipokezi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini agizo la homoni moja halitekelezwi na seli zote za mwili?

2. Taja vipokezi vitatu vinavyohusika katika kujaza akiba ya yai, na mahali kilipo kila kimoja.

3. Mfugaji amemdunga jike homoni na hakupata mayai. Toa sababu moja inayotokana na somo hili.

4. Kwa nini kuwepo kwa vitelojenini katika damu ya samaki dume ni dalili mbaya?

5. Jadilianeni katika shehia au ofisi yenu: ni mambo gani yanayofanyika karibu na ufuo wenu ambayo huenda yakadhuru utagaji wa samaki, na nani mwenye wajibu wa kuyarekebisha?

Walimu, masheha na viongozi wa kamati za wavuvi wanaombwa kulisoma somo hili mbele ya wenzao, kwani wapo wengi wanaoijua bahari kwa mikono bila ya kuwa na nafasi ya kusoma.